Nani Anamla Nani: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Maadui wa Asili

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu jambo moja, udhibiti wa kibiolojia: kumtumia kiumbe hai ili apunguze kiumbe mwingine anayeharibu mimea au anayehatarisha wanyamapori. Tumechagua saba. Baadhi tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndiko makosa makubwa hutokea.

SWALI: Kila nikisoma habari za udhibiti wa kibiolojia nakutana na wale vyura walioletwa kula wadudu wakageuka kuwa janga. Mnajuaje kwamba kiumbe mnayemtoa mbali hatawala viumbe wengine wasiohusika?

Hakika ya asilimia mia haipo, lakini hatari hupimika, na wale vyura hawakupimwa. Mwaka 1935 vyura wakubwa wenye asili ya Amerika (Rhinella marina) walichukuliwa Hawaii wakapelekwa Queensland, Australia, ili wale mbawakawa wanaoharibu miwa. Mbawakawa wazima hukaa juu kwenye majani ya muwa, na mabuu wao hukaa ardhini wakitafuna mizizi. Chura hapandi muwa wala hafukui udongo. Basi akala wadudu wengine aliowakuta, akazaana, na sumu ya ngozi yake ikawaua kenge, nyoka na wanyama wadogo wala nyama waliojaribu kumla. Kulijua hilo mapema kulihitaji swali moja tu: mlaji na mliwa wanakutana wapi?

Kisa cha konokono kinaumiza zaidi. Konokono wa Florida anayewinda wenzake (Euglandina rosea) alipelekwa Hawaii mwaka 1955, kisha visiwa vingine vya Pasifiki, ili ammalize konokono mkubwa wa Afrika. Huyo mkubwa alibaki. Walioisha ni konokono wadogo wa miti wa jamii ya Partula, ambao hawakupatikana popote pengine duniani. Kisiwani Moorea mwindaji huyo alifika mwaka 1977, na katika muda wa miaka kama kumi Partula wote wa kisiwa hicho walikuwa wametoweka porini. Wachache waliokuwa wameokotwa mapema ndio wanaozalishwa katika bustani za wanyama hadi leo.

Chura na konokono huyo wanafanana kwa tabia moja: wanakula chochote kinachoingia kinywani. Ndiyo maana leo mtafiti makini hapendekezi kuleta mnyama mwenye uti wa mgongo wala mlaji wa kila kitu. Anayetafutwa ni yule ambaye hawezi kuishi bila windo lake moja, au kundi dogo la ndugu wa karibu wa windo hilo.

Upimaji huanza kwa orodha. Spishi za kujaribiwa hupangwa kuanzia ndugu wa karibu kabisa wa mdudu mharibifu, kisha ndugu wa mbali, mpaka zinafikiwa jamii ambazo adui wa asili, yaani kiumbe anayetaka kuletwa, hazigusi tena. Juu ya hao huongezwa wanaoishi naye kwenye mmea uleule, wadudu wenye faida, na bila kukosa spishi adimu za eneo hilo. Hapa ndipo wahifadhi wanapaswa kuwepo mezani tangu siku ya kwanza. Mtaalamu wa kilimo peke yake huenda asijue kwamba kuna kipepeo adimu mwenye undugu na kiwavi anayepigwa vita.

Kazi yote hufanyika karantini: milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja, ukumbi mdogo wenye giza katikati na taa ya kunasia atakayetoroka, matundu ya hewa yenye chujio. Adui huzalishwa humo angalau kizazi kimoja kizima ili kuondoa magonjwa na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya wadudu wengine, ambao huenda wamejificha ndani yake. Nyigu wa namna hiyo akitoka pamoja na adui wako, umeleta muuaji wa mkombozi.

Kisha huja jaribio la lazima. Tuseme adui mwenyewe ni nyigu anayetaga ndani ya windo lake. Jike aliyekwisha kupandwa, mwenye umri wa siku mbili au tatu, hufungiwa kwa saa 24 na spishi moja ya majaribio bila chakula kingine, na jaribio hurudiwa mara 10 au zaidi kwa kila spishi. Kila duru huwa na kizimba cha kulinganishia chenye windo la kawaida. Jike asipotaga hata humo, duru nzima inatupwa, kwa kuwa huenda alikuwa mzee au mgonjwa, na jibu lake la “hamgusi” halina maana. Kosa jingine ni kuridhika kwamba hakuna nyigu aliyetoka kwenye spishi ya majaribio. Pasua baadhi yao chini ya hadubini. Mara nyingine yai lilitagwa, likazingirwa na seli za kinga na kugeuka tembe nyeusi. Yai limekufa, ila mdudu aliyetagiwa naye alichomwa, na huenda asikue vizuri.

Aliyeshambuliwa katika jaribio la lazima bado hajahukumiwa. Ndani ya kopo dogo mdudu mwenye njaa hufanya mambo asiyoyafanya porini, kwa hiyo hufuata jaribio la hiari lenye windo la kawaida na spishi ya majaribio pamoja, kisha vizimba vikubwa, na inapowezekana uwanja wa wazi katika nchi ya asili ya adui.

Mfano mzuri ni Rodolia cardinalis, mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi. Mwaka 1888 na 1889 alitolewa Australia na Albert Koebele akapelekwa California, ambako vidugamba (wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mimea) wa spishi ya Icerya purchasi walikuwa wanamaliza michungwa. Kufikia mwisho wa 1889 walikuwa wamedhibitiwa. Kidugamba huyohuyo alionekana Galápagos mwaka 1982 akinyonya mimea ya asili ya visiwa hivyo. Rodolia alikuwa tayari na sifa ya zaidi ya miaka 100, lakini watafiti hawakumwachia hivihivi. Walimjaribu kwanza dhidi ya wadudu wa Galápagos wenyewe, na alipoachiwa mwaka 2002 walikuwa wanajua lishe yake inaishia wapi.

SWALI: Nasomea uhifadhi wa wanyamapori. Walimu wangu huona udhibiti wa kibiolojia ni somo la wakulima. Je, una nafasi ndani ya hifadhi?

Una nafasi kubwa, hasa visiwani na majini, ambako sumu haiwezi kupulizwa bila kuua unachokilinda.

Kisiwani St Helena, katika Atlantiki ya Kusini, kuna mti uitwao Commidendrum robustum, ambao ni wa kisiwa hicho pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 miti kama 2,000 tu ndiyo iliyokuwa imebaki, na kidugamba wa kigeni, Orthezia insignis, alikuwa anaikausha kwa kuinyonya huku ute wake mtamu ukiota ukungu mweusi juu ya majani. Mwaka 1993 aliletwa mbawakawa mdogo anayeitwa Hyperaspis pantherina. Jike wake hutaga juu ya mgongo wa kidugamba, na buu akianguliwa huingia kwenye mfuko wa mayai wa kidugamba huyo akala kwanza kilichomo. Katika miaka michache mashambulizi yakashuka na miti iliyosalia ikaokoka.

Kisiwa cha Christmas, katika Bahari ya Hindi, kinafundisha jambo la ndani zaidi. Sisimizi wa manjano wa kigeni (Anoplolepis gracilipes) waliunda makoloni makubwa mno na kuua makumi ya mamilioni ya kaa wekundu, ambao ndio wafagiaji wa msitu ule: wanakula majani makavu na miche, na wasipokuwepo sura ya msitu inabadilika. Kwa miaka sumu ya chambo ilitumika, na ilibidi irudiwe na kurudiwa. Watafiti wakauliza sisimizi wengi hivyo wanakula nini. Jibu likawa ni ute mtamu wa kidugamba mgeni mwingine, Tachardina aurantiaca. Mwishoni mwa 2016 wakaanza kumwachia nyigu mdogo kutoka Malaysia, Tachardiaephagus somervillei, mwenye urefu wa milimita 2 hivi. Nyigu huyo hana habari na sisimizi. Anamshambulia kidugamba, na lengo ni kuufunga mrija unaowalisha sisimizi.

Waambie walimu wako kwamba nguvu ya kisa hiki iko katika kutafuta nani anamlisha nani kabla ya kuchagua wa kumpiga. Hiyo ni ikolojia ileile wanayoifundisha.

SWALI: Panya wanatumaliza shambani. Nataka kuweka masanduku ya bundi. Sanduku liweje, na nitajuaje kama kweli bundi wanakula panya wangu?

Bundi unayemtaka ni yule mweupe mwenye uso kama moyo, Tyto alba na ndugu zake, kwa sababu hulala na kutaga ndani ya mapango na masanduku na hawindi ndege kama kuna panya wa kutosha.

Sakafu ya sanduku iwe angalau sentimita 40 kwa 60. Tundu la kuingilia liwe la mraba wa sentimita 13 hivi. Kipimo kinachosahauliwa sana ni kimo kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa tundu: kisipungue sentimita 45. Wengi hutoboa tundu karibu na sakafu, vifaranga wakianza kuchechemea wanatoka na kuanguka, na bundi kwa kawaida halishi kifaranga aliyeko chini. Ukiweza, ongeza ubao nje ya tundu wa kusimamia vifaranga wakubwa wanapofanya mazoezi ya mabawa. Toboa matundu madogo sakafuni ya kutolea maji na mengine juu ya kuta kwa hewa. Usipake rangi ndani. Weka mlango wa pembeni wa kusafishia.

Funga sanduku mita 3 au zaidi kutoka ardhini, kwenye nguzo au ukuta usiopandika kwa paka na nyoka, tundu likitazama uwanja wazi na kuepa jua la mchana na upande wa mvua. Nguzo ivishe bati laini la upana wa nusu mita hivi. Kisha usilisogelee. Jike hutaga mayai 4 hadi 7 kwa kawaida, huatamia kwa siku 30 hivi, na vifaranga huruka wakiwa na wiki 8 au 9. Ukimsumbua wakati anaatamia anaweza kuyaacha mayai yote.

Sasa sharti lenyewe: ukiweka bundi, toa sumu ya panya. Sumu nyingi za siku hizi huzuia damu kuganda, na zile za kizazi cha pili, kama brodifakumu, hukaa kwenye ini kwa miezi. Panya aliyeila hafi papo hapo. Anaendelea kutembea siku tatu hadi saba huku akizidi kulegea, na panya aliyelegea ndiye anayekamatwa wa kwanza. Bundi akila kadhaa wa namna hiyo anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani, na wewe utadhani amehama. Wala haitoshi kuondoa sumu shambani kwako tu wakati majirani wanaitumia, maana bundi huwinda kilomita kadhaa kutoka kiotani. Kubalianeni.

Kujua anachokula ni rahisi na kunavutia kuliko watu wanavyofikiri. Bundi humeza windo zima, kisha hutapika mifupa na manyoya yakiwa donge jeusi linalong'aa, refu kama kidole gumba au zaidi. Okota madonge chini ya sanduku kila wiki, yakaushe, uyaandikie tarehe. Vaa glavu na kinga ya pua. Loweka donge moja kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, lifungue kwa kibano, na hesabu mafuvu. Yakiwa yamevunjika, hesabu taya za chini za upande mmoja, kulia au kushoto, usichanganye. Meno ndiyo yanayotaja spishi: panya ana meno mawili marefu ya mbele, kisha pengo, kisha magego. Kirukanjia ana safu isiyo na pengo.

Lakini donge linakuambia bundi amekula panya, halikuambii panya wamepungua. Kwa hilo unahitaji kipimo cha pili. Weka mstari wa mitego au kadi za kutafunwa zilizopakwa siagi ya karanga, pointi zisizopungua 20 kwa umbali wa mita 10, kwa usiku ule ule wa mwezi kila mwezi, kwenye shamba lenye masanduku na lingine la mbali lisilo nayo. Anza kupima kabla ya kufunga sanduku la kwanza. Bila namba za kabla, utabaki na maoni tu.

Na kama unaishi kisiwani penye ndege wa baharini wanaotaga chini, acha kabisa kuleta bundi kutoka nje. Walipelekwa Hawaii kuanzia mwaka 1958 kwa ajili ya panya wa mashamba ya miwa, na leo wanaua ndege wa baharini ambao wahifadhi wanahangaika kuwaokoa. Ushauri wetu wa masanduku ni kwa mahali ambapo bundi hao ni wenyeji.

SWALI: Ninaambiwa ndege na popo wananisaidia kula viwavi. Nawezaje kulithibitisha bila maabara?

Kwa njia mbili zinazokamilishana.

Ya kwanza ni viwavi bandia. Nunua plastisini ya kijani isiyo na harufu kali, finyanga vipande vya urefu wa sentimita 2.5 na unene wa milimita 4, na hakikisha uso ni laini kabisa, kwa sababu alama ya kidole chako itakuchanganya baadaye. Bandika kimoja kimoja kwa tone la gundi juu ya jani au tawi, angalau kimoja kwa kila mita 5. Baada ya saa 24 au 48 vikague kwa kioo cha kukuzia bila kuving'oa kwanza, maana ukivishika unaongeza alama.

Alama husomeka. Ndege huacha kovu la umbo la V au michomo miwili inayotazamana, na mara nyingi hung'oa kipande. Panya huacha mifereji miwili sambamba yenye kingo kali. Mbawakawa na sisimizi huacha vitundu vidogo vya jozi, na sisimizi hukwangua uso mpaka unakuwa kama umepigwa msasa. Konokono huacha mikwaruzo myembamba mingi iliyopangika. Piga picha ya kila kilichoguswa, pembeni ukiweka rula. Njia hii ndogo imetoa matokeo makubwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia viwavi bandia 2,879 katika maeneo 31 duniani na ukaonyesha kwamba mashambulizi huongezeka kadiri unavyokaribia ikweta, na walioleta tofauti hiyo ni wadudu wawindaji kuliko ndege na wanyama wanyonyeshao.

Upungufu wake ni kwamba kiwavi wa plastisini hasogei, hanuki na hatagwi yai na nyigu. Anapima kasi ya mashambulizi, hapimi faida. Tena popo huwinda kwa sauti na mwendo, kwa hiyo hatamgusa. Kwa popo unahitaji njia ya pili: vizimba vya wavu.

Zungushia mti au kichaka fremu na wavu wenye matundu ya sentimita 2, ambao unazuia ndege na popo na kuruhusu wadudu kupita. Chagua miti inayolingana kwa ukubwa, uigawe kwa kura katika makundi manne: iliyofungwa mchana tu, usiku tu, saa zote, na isiyofungwa. Kufungua na kufunga alfajiri na jioni kila siku kunachosha, na ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Siku moja iliyosahauliwa inachanganya ndege na popo kwenye namba zako. Usiwe na chini ya miti 10 kwa kila kundi. Kila wiki mbili hesabu viwavi na vidukari kwenye majani 50 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na upime sehemu ya jani iliyoliwa. Kagua wavu kila asubuhi, ndege au popo aliyenasa atolewe upesi. Uvute ukaze, kwa sababu wavu uliolegea ni mtego.

Ukitaka kujua matokeo yanaweza kuwa makubwa kiasi gani: kwenye mashamba ya kakao ya Sulawesi, Indonesia, miti iliyofungiwa ndege na popo ilitoa mavuno pungufu kwa asilimia 31.

Jihadhari na jambo moja wakati wa kusoma namba. Wavu huwazuia ndege wasile buibui pia. Buibui wakiongezeka ndani ya kizimba wanaweza kula viwavi kwa niaba ya ndege, nawe ukahitimisha kwamba ndege hawana kazi. Kwa hiyo wahesabu buibui na sisimizi, si waharibifu tu.

SWALI: Je, ninunue vunjajungu niwaachie bustanini?

Hapana. Vunjajungu hula nyuki, vipepeo na vunjajungu wenzake kwa hamu ileile anayokula nzige, na mayai ya spishi za kigeni huuzwa mbali na kwao bila kujali. Hata mbawakawa wala vidukari waliokusanywa porini kwa wingi ni pesa ya bure: wengi hutawanyika siku chache baada ya kuachiwa, na baadhi hubeba vimelea vinavyoambukiza wenyeji. Panda maua madogo ya wazi, kama ya jamii ya bizari na giligilani, yachanue kwa zamu. Nyigu wadogo wana midomo mifupi na hawafikii nekta ya maua marefu.

SWALI: Tulitundika kadi za Trichogramma kwenye mahindi lakini viwavi walikuja vilevile. Tumekosea wapi?

Hukusema ni kiwavi gani, na huenda jibu liko hapo. Trichogramma ni nyigu wa nusu milimita anayetaga ndani ya mayai ya nondo, na kadi hubandikwa mayai yenye nyigu hao ndani. Kiwavi akishaanguliwa, hamwezi tena. Kwa hiyo kadi hutundikwa nondo wa kwanza wanaponaswa kwenye mitego ya harufu, si unapoona majani yametobolewa. Na kama mharibifu wako ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, jike wake hutaga mayai kwa tabaka na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake, hivyo Trichogramma mara nyingi huishia kwenye mayai ya juu. Anayepenya hadi tabaka la chini ni Telenomus remus.

Tuseme wakati na windo vilikuwa sawa. Kagua ubora wa kadi. Kabla ya kutundika, kata kipande chenye mayai kama 100, kitie kwenye chupa ndogo iliyozibwa kwa pamba, na ukiache kivulini. Kwa joto la nyuzi 25 nyigu hutoka siku 8 hadi 10 tangu yai lilipotagwa. Wakimaliza, hesabu mayai meusi yenye tundu. Yakiwa chini ya 80 katika 100, kadi ilipikwa njiani au ilikaa sana kwenye baridi. Kadi hustahimili nyuzi 8 hadi 12 kwa siku chache tu. Tazama pia mabawa: nyigu wengi wenye mabawa yaliyokunjamana ni dalili ya kizazi dhaifu.

Kisha utundikaji. Nyigu huyu hutembea zaidi kuliko kuruka, kwa hiyo usiweke pointi mbali zaidi ya mita 10, yaani pointi 100 kwa hekta. Viwango vinavyotumika sana ni nyigu 100,000 hivi kwa hekta kwa kila awamu, wakirudiwa kila wiki kwa awamu tatu au zaidi, kwa sababu mzima huishi siku chache na nondo hutaga kwa wiki kadhaa. Tundika jioni, upande wa chini wa jani, katikati ya kimo cha mmea. Kadi iliyoangaliwa na jua la mchana ni jiko. Sisimizi huimaliza kwa usiku mmoja, hivyo itundike kwa waya mwembamba uliopakwa grisi.

Mwisho, uliza shamba lilipuliziwa nini. Mabaki ya dawa za pairethroidi huua nyigu hawa kwa wiki kadhaa baada ya kupulizwa, hata kama harufu imekwisha.

Kupima matokeo, usihesabu viwavi peke yao. Siku 4 au 5 baada ya kuachia, kusanya mafungu ya mayai ya nondo shambani na kwenye shamba la kulinganishia lililo mbali, upande upepo unakotoka. Yaliyopatikana na nyigu yatakuwa meusi kabisa.

SWALI: Nzige wakipuliziwa kuvu ya Metarhizium, ndege wanaowala hawadhuriki?

Hawadhuriki. Metarhizium acridum huota ndani ya nzige, panzi na ndugu zao wa karibu, na haioti ndani ya ndege. Bidhaa iliyotokana na LUBILOSA, mradi wa kimataifa wa kudhibiti nzige na panzi kibiolojia ulioanza mwaka 1989, hutumia gramu 50 za spora (chembe za uzazi za kuvu) kwa hekta zikiwa zimechanganywa na mafuta. Mafuta ndiyo siri, kwa kuwa yanaifanya spora ishike kwenye ngozi ya nzige na iote hata hewa ikiwa kavu. Haihitaji kuliwa. Inajipenyeza kwenye ngozi yenyewe, na nzige hufa baada ya wiki moja hadi tatu.

Muda huo ndio unaowakatisha watu tamaa, ila kwa wahifadhi ni faida. Nzige mwenye kuvu hulegea, na ndege, mijusi na kenge huja kula. Sehemu kubwa ya kazi huishia kufanywa na wao. Kwa dawa za kemikali za jamii ya oganofosfati, hao hao ndio wangekula sumu.

Itumie kwa tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, wakati bado wako pamoja na hawajafika kwenye mimea. Usiitegemee kuzuia kundi linaloruka ambalo litatua kesho. Tarajia kazi polepole panapokuwa na jua kali la mchana na usiku wa baridi: nzige mgonjwa huota jua hadi mwili wake unapozidi joto ambalo kuvu inalistahimili, na huahirisha kifo kwa siku nyingi.

Makosa ya matayarisho ni matatu hasa. Spora huzama chini ya tangi, hivyo koroga mfululizo. Mabonge huziba pua ya kinyunyizio, hivyo chuja kabla ya kujaza. Na spora zilizokaa kwenye joto hufa bila kubadilika rangi. Kabla ya kuondoka kwenda kupuliza, paka kidogo kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea kuvu), iache saa 24 kwa nyuzi 25, kisha hesabu spora 300 chini ya hadubini. Zilizotoa kimrija zikiwa chini ya asilimia 80, usipulize shehena hiyo.